Usisaini karatasi ya bima ukiwa bado na bandeji

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie fidia za ajali, hasa ile karatasi ambayo kampuni ya bima inamletea majeruhi asaini hata mshono haujakauka. Wengi wanadhani ni ya kuthibitisha umepokea hela tu. Siyo! Mara nyingi inasema umelipwa, umeridhika na hutadai tena chochote kuhusu ajali hiyo, sasa miezi ikipita daktari akakwambia goti linataka upasuaji mwingine, huna pa kudai, na mahakama ni nadra kuifuta sahihi yako labda uthibitishe ulidanganywa au ulilazimishwa.

Hili linaniuma sana kwa sababu anayekuja nayo anakuja na pole nyingi na hela ya haraka, na wewe bili ya hospitali inapanda, kazini huendi, nyumbani wanakuangalia wewe, lazima mkono utashika kalamu. Ila yule mtu ameajiriwa na bima ya aliyekugonga, kazi yake ni kumaliza faili kwa hela kidogo iwezekanavyo. Akikupigia simu akitaka kukurekodi ukieleza ajali ilivyokuwa, mwambie utajibu ukishaongea na wakili. Lile "mimi niko sawa tu" unalosema kwa heshima litakuja kusomwa dhidi yako.

Nchi nyingi kugongwa peke yake hakukupi fidia, inabidi uonyeshe aliyekugonga alizembea na uzembe wake ndo uliokuumiza. Kwa hiyo picha za eneo la ajali, namba za mashahidi na ripoti ya polisi vitafutwe mapema, na daktari umuone siku hiyohiyo hata kama unajiona mzima, maana ukikaa wiki mbili watasema uliumia kwingine. Risiti za dawa na za usafiri wa kliniki tunza zote, bila risiti gharama hizo ni rahisi kukataliwa hata kama kila mtu anajua ulizitoa. Maumivu na ulemavu havina risiti, hivyo vinapimwa kwa ripoti ya daktari ndo maana ripoti nzuri ina thamani kubwa. Na kama na wewe ulikuwa na kosa kidogo usikate tamaa, nchi nyingi zinapunguza fidia kulingana na kosa lako, hazikunyimi yote.

Kitu kingine ni muda. Kenya na Uingereza kwa kawaida una miaka 3 kufungua kesi, California ni miaka 2, na ukiidai serikali mara nyingi kuna notisi ya kutoa mapema zaidi. Kuongea na bima kwa kawaida hakusimamishi huo muda, wapo wanaokuzungusha njoo wiki ijayo njoo mwezi ujao mpaka unapita.

Wakili sasa. Yule aliyeletwa na dalali mpaka kitandani wodini mkatae, hata kama anaongea vizuri. Angalia jina lake kwenye orodha ya mawakili wenye leseni, uliza kesi yako ataishika yeye au msaidizi wake, na malipo yaandikwe. Marekani wengi wanachukua kama theluthi moja ya fidia mkishinda, Kenya sheria haitambui mapatano ya kulipwa mkishinda tu, kwa hiyo usibebe habari za nchi nyingine ukadhani ndo za kwako. Uliza pia gharama za mahakama nani anabeba mkishindwa, na fidia itaingia akaunti gani, maana kuna watu walishinda kesi hela ikaishia kwa wakili. Akikuahidi kiasi siku ya kwanza hajasoma hata ripoti ya daktari, tafuta mwingine.

Mhariri, ombi langu ni mtenge kona ya wakili kujibu maswali ya wasomaji kuhusu haya mambo, na aanze na hiyo karatasi ya bima, aieleze mstari kwa mstari.

Msomaji wako