Tufurahie msimu wa ayala, ila supu ya kichwa tuiache

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Waswahili wenzangu wa Pennsylvania, na ndugu zetu walioko nyumbani wanaopokea zile picha kwenye simu kila ifikapo mwisho wa Novemba: baba, mjomba na vijana wamevaa vizibao vya rangi ya machungwa, dume la ayala limelala mbele yao juu ya theluji. Anayeuliza kutoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hutaka kujua kama hawajakamatwa. Wengine wote huuliza nyama imepikwaje. Swali hilo la pili ndilo zito, na majibu yanayotolewa mara nyingi ni ya hatari.

Kwanza jina. Wengi huku humwita swala au kulungu, na hao ni wanyama wengine kabisa. Huyu ni wa jamii ya ayala tunayemsoma Zaburi ya 42, ambaye huku ana mkia mweupe kwa chini. Akiuinua kama leso, ujue ameshakuona.

Msimu mkuu wa bunduki hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving). Ni hivyo tangu 2019. Kabla ya hapo, kuanzia 1963, ulifunguliwa Jumatatu, na hadi leo shule nyingi za vijijini hufungwa Jumatatu hiyo ili watoto waende msituni na wazee wao. Ndiyo maana msimu huu ni wa familia: watu wamekusanyika tayari, sufuria ziko jikoni, na shangazi aliyetoka mbali anataka kuona mambo. Furaha hiyo ni halali yetu kama ya mwenyeji yeyote. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na bunduki, wakati kazi yenyewe huanza wiki nyingi kabla na huisha siku kadhaa baada ya risasi.

Suala la makaratasi nitalipita haraka. Mkimbizi aliyepokewa rasmi na mwenye kadi ya kijani hawazuiwi na sheria ya shirikisho kushika bunduki kwa sababu tu si raia. Mwenye viza ya muda, au anayesubiri kesi ya hifadhi, amwone wakili kwanza, kwa sababu kushika tu bunduki ya kuazima kunaweza kuwa kosa la jinai na kuharibu kesi yake ya uhamiaji. Mwindaji mpya anayetaka leseni ya kawaida lazima apite kozi ya usalama, ambayo mtoto anaweza kuisoma kuanzia miaka 11. Leseni ya kawaida inakupa dume mmoja. Jike ana leseni yake ya pembeni, ya eneo maalumu, na huwa zinaisha mapema.

Bunduki irekebishwe shabaha Oktoba, si asubuhi ya kufungua msimu. Anza na karatasi iliyo yadi 25, ukiwa umekaa na bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga, kisha nenda yadi 100. Piga risasi tatu kabla ya kugusa darubini, kwa sababu risasi moja haikuambii kitu. Darubini nyingi husogeza robo inchi kwa kila mlio wa kitufe, lakini robo hiyo ni kwa yadi 100. Ukiwa yadi 25 unahitaji milio minne kwa robo ile ile, na hapo ndipo wageni huchanganyikiwa wakamaliza pakiti nzima ya risasi. Mtoto au mtu mwembamba apewe bunduki ya .243, isiyopiga bega sana, asipewe ile kubwa ya .30-06 ya babu. Bega likishaumia mara moja, kila risasi inayofuata atafumba macho kabla ya kuvuta triga, na atajeruhi mnyama bila kumuua.

Kuhusu watoto, sheria ni nzuri na haina mchezo. Aliye chini ya miaka 12 huenda na msimamizi aliyetimiza 21 na mwenye leseni: msimamizi mmoja, mtoto mmoja, bunduki moja kati yao, na wakitembea anayeibeba ni msimamizi. Wa miaka 12 na 13 huandamana na mzazi, mlezi au ndugu aliyetimiza 18. Vijana wanaruhusiwa hata dume lenye ncha mbili za pembe upande mmoja, au pembe moja yenye urefu wa inchi tatu au zaidi hata kama haina matawi, wakati mtu mzima sehemu kubwa ya jimbo hutakiwa kuhesabu ncha tatu upande mmoja. Usimkalishe mtoto zaidi ya saa mbili au tatu. Nguo ya pamba ikilowa jasho hunyonya joto la mwili, kwa hiyo avae sufu au nailoni karibu na ngozi, na chupa ya chai ya tangawizi iwe karibu. Maandazi ruksa. Harufu ya iliki haimfukuzi ayala kuliko harufu yenu wenyewe. Kaeni upepo ukiwapiga usoni.

Rangi ya machungwa inayong'aa inatakiwa ionekane pande zote, jumla ya inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni. Kofia na kizibao vinatosha. Linaloharibu ni koti jeusi linalovaliwa juu ya kizibao baridi ikizidi, au begi la mgongoni linalofunika nyuma yote. Glovu nyeupe na leso nyeupe ziacheni nyumbani, kwa sababu zinakumbushia ule mkia. Familia zinazopenda kufanya msako, wengine wakifukuza na wengine wakingoja, zikubaliane kwa mdomo kabla ya kuingia: upande upi haupigwi risasi kabisa. Na msipige ndani ya yadi 150 za nyumba yenye watu bila ruhusa ya wakaao humo.

Saa nazo zinatuchanganya. Ruhusa huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na huisha nusu saa baada ya kuzama. Huku Erie, mwisho wa Novemba, jua huchomoza karibu saa 1:20 asubuhi kwa saa zetu, kwa hiyo huwezi kufyatua kabla ya saa 12:50 hivi. Soma jedwali la Tume ya Wanyamapori ya jimbo na umweleze kila mtu kwa saa moja tu, ya Kiswahili au ya Kizungu. Makosa yametokea kwa kuchanganya hizo mbili.

Anayepanda jukwaa la mtini afunge mkanda wa mwili mzima tangu mguu unapotoka ardhini. Kujifunga ukishafika juu ni kuchelewa, kwa sababu watu wengi huanguka wakipanda au wakishuka. Bunduki ivutwe kwa kamba baadaye, ikiwa haina risasi na mtutu ukielekea chini.

Sasa risasi yenyewe. Subiri mnyama akupe ubavu, ulenge nyuma tu ya bega, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Hapo pana mapafu na moyo, shabaha yenye upana wa sahani ndogo. Kichwa usilenge. Akishakimbia, kaa chini utazame saa yako. Damu nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu: subiri nusu saa. Damu nzito iliyokoza ni ini: saa tatu au nne. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya kinyesi, umepiga tumbo, na dawa yake ni subira ya saa sita au zaidi, maana ukimfuata upesi atanyanyuka na kwenda mbali ambako hutampata. Mkaribie kwa nyuma, mguse jicho kwa fimbo ndefu. Aliyekufa macho huwa wazi na hayapepesi.

Waislamu wameniuliza sana hili. Bismillahi husemwa wakati wa kufyatua. Mnyama akikutwa amekufa kwa risasi iliyopenya, wanazuoni wengi wa leo wanamhesabu kuwa halali. Akikutwa bado yu hai, achinjwe. Lakini dume lililojeruhiwa hupiga kwato na pembe, na kisu si kila mahali kinakubaliwa kuwa silaha ya kumalizia. Ulizeni ofisi ya tume kabla ya msimu, si mkiwa mmesimama juu yake.

Kabla hujamsogeza hata hatua moja, lebo ya leseni yako ijazwe kwa wino na kufungwa sikioni mwa mnyama. Kwa kawaida taarifa ya kumpata hutumwa kwa tume ndani ya siku 10.

Kutoa matumbo ni pale pale, mara moja. Vaa glovu. Zungusha kisu kidogo kuizunguka njia ya haja kubwa mpaka iachie, uifunge kwa uzi. Kisha pasua ngozi ya tumbo kutoka kwenye nyonga kwenda kifuani, ukitanguliza vidole viwili chini ya makali na ncha ikitazama juu. Ukiigeuza chini utatoboa tumbo kubwa, na harufu hiyo haitoki. Kata kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ingiza mkono hadi shingoni, kata koo la hewa, uvute vyote kwa pamoja. Kibofu kishike kwa vidole kisimwagike. Vile vishungi vya manyoya meusi ndani ya magoti ya nyuma ni tezi zenye mkojo na mafuta: usiziguse na kisha ukaigusa nyama.

Hapa kuna zoea letu la kwanza la kuacha: kuosha nyama kwenye kijito. Maji hayo yana vijidudu, na unyevu huviongezea chakula. Futa kwa kitambaa kikavu, weka kijiti kati ya mbavu ili hewa ipite. Adui ni joto. Siku ikiwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi, usimtundike. Jaza mifuko ya barafu ndani ya kifua na upasue vipande siku hiyo hiyo. Ukiwa na mahali penye nyuzi 1 hadi 4, siku tatu hadi tano za kutundika hulainisha nyama vizuri. Ayala wa kilo 45 baada ya kutolewa matumbo hutoa kama kilo 20 za mnofu, wala usimlaumu mchinjaji kwamba ameiba.

Zoea la pili ndilo lililonishikisha kalamu. Kuna ugonjwa wa kukonda wa jamii ya ayala, unaofupishwa CWD, ambao Pennsylvania uligunduliwa mwaka 2012. Hausababishwi na bakteria wala virusi. Ni protini iliyokunjika vibaya, iitwayo prioni, na moto wa jiko hauiui, hata ukichemsha usiku kucha. Hukusanyika zaidi kwenye ubongo, macho, ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo, bandama na tezi za limfu. Mnyama anaweza kuwa nao akionekana mnene na mzima. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka za afya za Marekani zinashauri kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Kwa hiyo supu ya kichwa, ile ya kumtoa mtu uchovu, haimfai ayala wa huku. Bongo hapana. Mchuzi wa mifupa ya mgongo nao hapana. Toa mnofu juu ya mfupa bila kupasua uti kwa msumeno. Kwenye maeneo yenye ugonjwa, tume huweka mapipa ya kutupia vichwa vya kupimwa bure. Tia kichwa humo, nyama iweke kwenye friza yenye jina na tarehe, ungoje jibu. Na usivuke mpaka wa eneo hilo au wa jimbo ukiwa na kichwa au uti wa mgongo kwenye buti la gari.

Moyo na ini vinalika mnyama akiwa mzima. Pembeni mwa jeraha, kata na kutupa nyama pana kuliko jeraha linavyoonekana, kwa sababu risasi ya risasi, yaani ya madini yale ya kijivu, husambaa vipande visivyoonekana, na madini hayo ni sumu kwa mtoto na mjamzito. Wengi sasa hutumia risasi ya shaba kwa sababu hiyo.

Jikoni, toa mafuta yote: ya ayala huganda kwenye kaakaa kama nta, na ndiyo yanayoleta ule ukali ambao watu huita harufu ya mwitu. Sarara ikatwe mishkaki, ipate moto mkali kwa dakika chache; ukiiacha mpaka ikauke utatafuna soli. Mguu ni wa pilau, lakini uchemshwe taratibu kwanza. Nyama ya kusaga haina mafuta, hivyo kwa sambusa inapita ya ng'ombe, haivujishi kitu ndani ya manda. Ya kofta ichanganywe na mafuta ya ng'ombe kidogo, sehemu moja kwa tisa.

Mkirudi nyumbani, nguo zote ziingie kwenye mashine ya kukaushia, moto wa juu, dakika 10, zikiwa bado kavu, ndipo zifuliwe. Hiyo huua kupe, na kupe wa ugonjwa wa Lyme hutembea hata Novemba siku yenye joto kidogo. Watoto wakaguliwe nyuma ya masikio na kwenye nywele.

La mwisho ni pesa. Karibu majimbo yote, na letu likiwemo, yanakataza kuuza nyama ya mnyama wa porini. Kuuza ni pamoja na sahani ya harusi inayolipiwa, sambusa za harambee ya kanisa au msikiti, na ule utaratibu wetu wa "nichangie petroli nikupe kilo tano". Kugawa bure inaruhusiwa, na kwenye mfuko andika jina lako na tarehe aliyopigwa.

Msomaji wako,
Erie, Pennsylvania