Hamisi, hiyo lenzi pana iache

Longyearbyen, Svalbard

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu sana. Najua nimekaa kimya mno. Matusi yako niwekee hadi tuonane. Sijambo, baridi tu.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Kuja Aprili, karibu sana. Ila pale uliposema unakuja na lenzi pana ili umpige dubu "hadi pua ijae picha", moyo ulinilipuka paa. Nani kakudanganya? Usiniambie ni Rashidi.

Tangu Januari 2025 sheria ya huku Svalbard, visiwa hivi vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, inataka ukae mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na kuanzia Machi mosi hadi mwisho wa Juni ni mita 500. Ndiyo miezi majike wanapotoka mapangoni na watoto, wana njaa ya kutisha. Ukijikuta umemkaribia zaidi, anayerudi nyuma ni wewe. Nimekupigia hesabu: kwa lenzi ya milimita 600, ile ndefu ya kuvuta vya mbali, katika mita 500, dubu mzima anachukua kama moja ya kumi na mbili ya upana wa picha. Kadogo, eh? Utanung'unika, nami nilinung'unika. Lakini picha zangu ninazorudia kuzitazama ni hizohizo: dubu wa rangi ya siagi, mdogo, barafu haina mwisho.

Kuna jambo sikuwahi kukwambia. Salma analijua nusu. Kabla ya sheria hiyo nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye theluji, napiga jike na watoto wawili mbali huko, jicho moja kwenye kamera, la kushoto nimelifumba. Nikahisi mlinzi wetu ananipiga teke la buti. Nikadhani ni utani wake, nikaendelea. Teke la pili likaniuma. Kumbe dume kijana ametokea nyuma ya kilima cha theluji, upande wa jicho lililofumbwa, anakuja taratibu, kichwa chini, ananusa. Mlinzi akafyatua fataki kwa ile bastola yao. Dubu akasimama, akatutazama, akageuka kama mtu aliyekumbuka kuna kitu amesahau nyumbani.

Baadaye nilienda kuona nyayo. Glavu zangu mbili ziliingia ndani ya alama moja, na nafasi ikabaki. Mlinzi hakunigombeza, alisema tu, "Ulikuwa umelala kama sili." Hamisi, sili, yule mnyama wa baharini anayelala juu ya barafu, ndiye chakula chake! Nilikuwa nimejiandaa sahanini. Tangu siku hiyo silali chini, na kila baada ya picha chache nainua kichwa na kuzunguka mzima. Anakimbia kama kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo usiwaze kabisa habari ya kukimbia. Unarudi nyuma polepole, pamoja na wenzako, bila kumpa mgongo.

Nje ya makazi haturuhusiwi kwenda bila kitu cha kumtisha dubu, na wengi hubeba bunduki pia. Wewe hutabeba, nakujua. Utatembea na mwongozaji, na akisema "tuondoke" usimwambie "moja tu ya mwisho". Nilikusikia siku ile ya Kassim.

Mengine madogo: betri za akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, na kabla ya kuingia ndani funga kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa, la sivyo lenzi italowa ukungu. Theluji huidanganya kamera ikatoa picha ya kijivu. Ongeza mwanga kidogo.

Sasa, lenzi yangu ya 600 bado anayo Rashidi? Anaipigia nini, harusi? Unaweza kumnyang'anya uje nayo, kwa upole au kwa vyovyote? Tiketi umeshalipa? Una buti za kweli au zile zilizotuaibisha? Na Salma umemwambia unakuja huku, au nikae nasubiri simu yake?

Wako,
Idi

Ile picha ya dume kijana ninayo. Imetoka ukungu mtupu, mkono ulitetemeka. Ukija nitakuonyesha.