Adams hakuishia 1829

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya marais wa mwanzo wa Marekani ilimpa John Quincy Adams mistari miwili tu: mtoto wa rais wa pili, akatawala kuanzia 1825 hadi 1829, akabwagwa na Andrew Jackson. Ni kweli yote, ila mmekomea pale ambapo mimi, enzi nikifundisha historia, ndipo nilipokuwa naanzia.

Mwaka 1831 mzee huyo alirudi Washington akiwa mbunge wa kawaida kutoka Massachusetts, akakaa bungeni miaka 17. Kwangu mimi, kazi aliyoifanya humo inaupita urais wake kwa mbali. Mwaka 1836 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kanuni kwamba ombi lolote la wananchi linalogusa utumwa liwekwe kando bila kujadiliwa. Adams akakataa katakata kunyamaza. Siku moja ya Februari 1837 alisimama akamwambia Spika kwamba ana karatasi iliyotoka kwa watumwa wenyewe. Je, nayo inabanwa na kanuni ile? Ukumbi ukachafuka. Huyu anataka akaripiwe rasmi, yule anataka karatasi ichomwe moto. Wamefoka weee, ndipo akawafahamisha kuwa ombi lenyewe wala halikudai utumwa ukomeshwe! Alichokuwa akipigania ni haki ya kila mtu kusikilizwa, hata mtumwa. Aliishindilia hoja hiyo mwaka baada ya mwaka, hadi Desemba 1844 kanuni ikafutwa, kwa azimio lake mwenyewe.

Na kesi ya merikebu Amistad je? Waafrika waliotekwa Sierra Leone, wengi wao wa kabila la Wamende, waliiteka merikebu hiyo iliyokuwa ikiwasafirisha huko Cuba, wakaishia gerezani Connecticut. Mwaka 1841, akiwa na miaka 73, Adams aliwatetea mbele ya Mahakama ya Juu, ambako hakuwa amesimama kwa zaidi ya miaka 30. Alizungumza siku mbili, saa kadhaa kila siku. Mahakama ikawaachia huru, na 35 waliobaki hai wakapanda meli kurudi kwao.

Tarehe 21 Februari 1848 alianguka akiwa kwenye meza yake bungeni. Hakuweza hata kupelekwa nyumbani. Walimlaza katika chumba cha Spika, na humo akakata roho siku mbili baadaye.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro