Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya 2025, na neno moja kuhusu ofisi zetu

Ndugu, jamaa na marafiki, wakubwa wote shikamooni. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya 2025, Mungu aliyetuvusha mpaka hapa atuvushe na huko mbele. Mlioko barabarani kwenda Moshi, Bukoba, Mbeya na kwingineko mfike salama, nauli za msimu huu nazijua jamani, poleni.

Mwaka huu wa 2024 haukuwa mwepesi. Tuliuanza na sukari, unazunguka mtaa mzima ukiipata ni elfu nne kilo na zaidi, zikaja mvua, dola nayo ikapaa na kila kitu kikapanda nayo. Tumefika, tunashukuru.

Ila mimi nina la kwangu. Mwezi wa nne tulimzika mjomba, wengi mlikuja na asanteni sana, lakini wengi hamkujua kwamba amekufa akisubiri mafao yake. Alistaafu vizuri tu, akapeleka makaratasi, ofisi aliyoitumikia ujana wake wote ikamwambia barua ya kuthibitishwa kazini haionekani kwenye faili, alete nakala yake yeye. Akavuta lile sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa hati za mishahara zimepauka, barua ya kupandishwa cheo, barua za uhamisho, akazipanga kwenye bahasha ya kaki akapanda nayo daladala. Akaambiwa mhusika yuko semina, rudi wiki ijayo. Aliporudi mhusika kahamishwa. Mpaka anaanza kuumwa ile bahasha ilikuwa haijapokelewa na mtu, na sasa mkewe kaanza upya, tena kwake ni mirathi mahakamani kwanza ndio mafao yafuate. Inaniuma sana, siwezi kuandika salamu nikaruka hili.

Na sitaki kumlaumu dada wa masijala. Nilifika pale, nikaona mafaili yamejaa mpaka sakafuni na yeye mwenyewe hajui aliyekuwepo kabla yake alihamisha nini akapeleka wapi. Ni mfumo, na mfumo huu hatukosi watu waliokaa chini wakaandika urekebishwe vipi. Tume ya Jaji Nyalali, ile ya kuuliza tubaki na chama kimoja au twende vyama vingi, ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa tangu 1992, baadhi tunaishi nazo mpaka leo. Mzee Warioba akatuandikia ripoti ya rushwa 1996, ya wanaokula kwa njaa na ya wanaokula kwa tamaa, kisha mzee huyohuyo akarudi na rasimu ya Katiba akaikabidhi tarehe 30 Desemba 2013, wiki ya sikukuu kama hii, watu tukawa na matumaini kweli, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015 na mpaka leo hatujaipiga. Juzi tu 2023 Tume ya Jaji Chande, ile ya haki jinai, ikasema Jeshi la Polisi libadilike liwe huduma ya polisi, yaani jina na fikra vyote. Na kila mwisho wa Machi CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anakabidhi ripoti yake, tunaisoma wiki mbili, tunakasirika, tunahamia kwenye jambo lingine. Hilo la kuhamia ni letu wananchi, tusiwasukumie viongozi peke yao.

Maana wakisukumwa wanasikia. Wastaafu walilia na kikokotoo, yaani hesabu ya mafao wanayolipwa kwa mkupuo, mpaka kwenye bajeti ya mwaka huu wa 2024 kikatoka asilimia 33 kikaenda 40, hiyo ni hatua na nashukuru kwa dhati, lakini asilimia haimsaidii mtu ambaye faili lake halipatikani.

Jumapili ya tatu ya Majilio tumesoma watu wanamuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, na mimi mwaka huu ndio nimeisikia vizuri. Watoza ushuru hakuwaambia waache kazi wala waongeze maombi, aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari akawaambia wasidhulumu mtu, watosheke na mishahara yao. Ndugu zangu, toba ya mtumishi wa umma iko mezani kwake! Utafunga, utatoa sadaka, utaimba kwaya, kama kuna mzee unamzungusha miezi kwa saini yako basi hujajiandaa na Krismasi yoyote. Mlioko ofisini mnisikie, mkirudi kazini Januari tafuteni lile faili la zamani kuliko yote mlitoe. Na sisi wengine tuwaulize wabunge wetu, uchaguzi ni Oktoba 2025, ripoti zile zimefikia wapi, tuwaulize kabla ya kofia na fulana za kampeni kugawiwa.

Misa ya kubariki msalaba wa mjomba ni tarehe 28 saa nne asubuhi nyumbani, tuwahi tafadhali. Krismasi njema, heri ya Mwaka Mpya, wenye wagonjwa Mungu awaponye, waliofiwa awafariji, na 2025 uwe wa baraka kwetu sote.