Kusomea divai: kemia hapa nyumbani, shamba Dodoma, ndipo Ulaya

Ndugu Mhariri,

Kijana wa Lubumbashi akitamka nyumbani kwamba anataka kusomea kilimo cha mizabibu na utengenezaji wa divai, wazazi humjibu kwa namna mbili. Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya Wazungu na mzabibu haufai Katanga. Wapo wanaomtafutia haraka kozi fupi ya kuonja, apate cheti chenye muhuri, wakiamini amekwisha kuwa mtaalamu. Yote mawili yanampoteza. Kwa kuwa gazeti lenu husomwa na wazazi wanaolipa ada, naomba nafasi nieleze njia yenyewe ilivyo.

Kuonja ni kazi, na kutengeneza ni kazi nyingine. Vyeti vya WSET, taasisi ya London inayofundisha mambo ya divai na vinywaji vikali, vyenye ngazi nne, vinamfaa mtu wa hoteli, wa duka au wa kuagiza mizigo. Hapa kwetu watu wa namna hiyo wanahitajika, maana divai nyingi hutufikia kwa malori kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na lori likisubiri juani siku kadhaa, divai hutanuka na kusukuma kizibo. Aliyefundishwa hukagua chupa kabla ya kusaini hati: kizibo kilichopanda juu ya mdomo wa chupa, au unato chini ya kifuniko, ni dalili kwamba mzigo umepikwa na joto. Lakini cheti cha kuonja hakimfundishi mtu kupima asidi wala kutibu mche.

Anayetaka kutengeneza aanze na kemia na biolojia tangu sekondari. Kwa Mkongomani aliyesoma kwa Kifaransa, njia ninayoiona bora ni licence ya miaka mitatu ya agronomia au kemia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kisha diploma ya taifa ya enolojia (elimu ya kutengeneza divai) ya Ufaransa, ile DNO iliyowekwa kwa sheria mwaka 1955. Hiyo huchukua miaka miwili, hupokea wenye licence ya sayansi, na hufundishwa Bordeaux, Dijon, Montpellier, Reims na Toulouse. Hesabu ya mzazi ni nyepesi: badala ya kulipia miaka mitano ya kuishi ugenini, atalipia miwili. Anayetaka shamba kuliko maabara anaweza kufuata BTSA, diploma ya Ufaransa ya ufundi wa kilimo, ya miaka miwili baada ya diploma ya Serikali ya kumaliza sekondari. Stellenbosch, Afrika Kusini, ina shahada ya miaka minne yenye kilimo cha mizabibu na enolojia pamoja. Hapo Kiingereza na hisabati havina msamaha.

Katika miaka ile mitatu ya Lubumbashi, mwanafunzi asidharau kemia ya vipimo, mikrobiolojia, elimu ya udongo na magonjwa ya mimea. Wanaoshindwa Ulaya mara nyingi hushindwa hapo, wala si kwenye divai. Mazoezi ya mkono pia hayangoji Ulaya. Mananasi yanatosha kufundisha robo tatu ya uchachushaji. Zabibu za mezani zinazouzwa sokoni msizinunue kwa kazi hii: zilichaguliwa kwa utamu na ukubwa wa tunda, asidi yake ni kidogo, na divai yake huwa maji matupu.

Chukua lita 20 za maji ya mananasi yaliyochujwa. Pima sukari kwa refraktometa. Mara nyingi utapata Brix 12 hivi, yaani gramu 12 za sukari katika kila gramu 100 za maji hayo. Ukitaka kufika 21 utaongeza karibu kilo 2.4 za sukari, na densimeta, kipima densiti, itasoma karibu 1.087. Gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa kiasi cha asilimia moja ya alkoholi, kwa hiyo unatarajia asilimia 12 hivi. Hamira iwe ya divai, gramu 5: iloweshe kwenye maji safi ya nyuzi 35 hadi 40, mara kumi ya uzito wake, kwa dakika 15 au 20, kisha iongezee maji ya matunda kidogo kidogo mpaka tofauti ya joto kati yake na ndoo iwe chini ya nyuzi 10. Anayeimwaga moja kwa moja kutoka kwenye maji ya moto hadi ndoo baridi huua sehemu kubwa ya chembe, kisha hulaumu hamira. Funika kwa mfuniko wenye mpira unaotoa gesi kupitia maji, upime densiti na joto kila siku saa ileile, uandike. Ikishuka hadi 1.000 au chini yake na kukaa hapo siku tatu, kazi imekwisha. Ikisimama kwenye 1.020, hamira imekwama: ama joto lilipita nyuzi 33 au 34, ama chakula cha nitrojeni kilipungua. Upungufu huohuo wa nitrojeni ndio unaoleta harufu ya yai bovu; hamira inahitaji angalau miligramu 140 hadi 150 za nitrojeni katika lita.

Wanaojua kutengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, wanaanza na faida. Mizizi ile inavunja wanga wa uji wa mahindi kuwa sukari, na mwanafunzi aliyeelewa hivyo tayari ameshika somo la vimeng'enya. Zabibu hazihitaji hatua hiyo, kwani sukari imo tayari ndani ya tunda.

Jambo la gesi nalisema kwa uzito kwa sababu linaua. Lita moja ya maji ya zabibu ikichacha hadi mwisho hutoa karibu lita 50 za kaboni dioksidi. Tangi la lita 1,000 linatoa mita za ujazo 50, yaani chumba kizima cha mita 5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.5. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na aliyeingia kusafisha tangi peke yake huanguka kabla ya kuita. Pasiwe na mtu anayeingia kwenye tangi bila feni ya kusukuma hewa, bila kipima gesi, na bila mwenzake anayemtazama kutoka nje.

Kipimo kinachomtenganisha fundi na mbahatishaji ni pH, kipimo cha ukali wa asidi: ikipanda, ukali umepungua. Joto linapokuwa kali, asidi ya maliki huungua ndani ya tunda na potasiamu hupanda, hivyo zabibu za nchi za joto hufika kiwandani zikiwa na pH ya 3.8 au zaidi. Sasa fikiria dawa ya kulinda divai, metabisulfiti ya potasiamu. Gramu 10 kwa lita 100 hutoa kama miligramu 50 za dioksidi ya salfa katika lita, lakini nguvu yake inategemea pH. Ili kupata kinga ileile, yaani miligramu 0.8 za sehemu inayoua vijidudu, divai ya pH 3.2 inahitaji miligramu 21 za dioksidi huru, yaani ile isiyofungwa na vitu vingine vya divai. Ya pH 3.5 inahitaji 40. Ya pH 3.8 inahitaji 79. Kwa hiyo anayenakili kipimo cha kitabu cha Bordeaux na kukitia kwenye divai ya pH 3.8 ameilinda kwa jina tu. Baada ya muda bakteria wa siki huingia, hasa pipa likiachwa nusu tupu. Tiba yake ni ya mapema: kupunguza pH kwa asidi ya tartariki kabla ya kuchacha (gramu moja kwa lita huishusha kwa 0.1 hivi), kujaza pipa hadi juu, na kupima dioksidi huru mara kwa mara. Ikishapita gramu 1.2 za asidi ya asetiki, ile ya siki, kwa lita, divai nyekundu haiuziki tena Ulaya kisheria, na hakuna chujio la kawaida litakaloirudisha.

Sasa shamba, na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wasikie neno la Dodoma. Montpellier iko karibu nyuzi 44 kaskazini mwa ikweta. Huko baridi huangusha majani, mzabibu hulala, na majira ya kuchipua yakifika macho yote, yaani vichipukizi vya tawi, hufunguka pamoja. Kalenda yote ya vitabu vyao imetundikwa kwenye usingizi huo. Kwetu mzabibu haulali. Ukiuacha, macho ya ncha ya tawi huchipua na kuyanyima yale ya chini, mpaka mche mmoja unabeba maua, zabibu mbichi na zabibu zilizoiva kwa wakati mmoja. Katika tropiki ni makasi ya mpogoaji yanayopanga msimu. Dodoma, nyuzi 6 kusini na kimo cha mita 1,100 hivi, wanavuna mara mbili kwa mwaka kwa kupogoa kwa tarehe, na kituo cha Makutupora cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, kinashughulikia zabibu hasa. Aina za zabibu Chenin Blanc, Syrah na Makutupora nyekundu zinaonekana huko shambani, na mafundisho yote ya mkulima ni ya Kiswahili. Mwanafunzi wetu akishika makasi miezi mitatu Dodoma kabla ya kwenda Ufaransa, atajua ni kurasa zipi za kitabu chao zinazomhusu.

Lakini Lubumbashi si Dodoma. Sisi tuko karibu nyuzi 12, mita 1,200 hivi, na mvua yetu ni kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka, mara mbili ya ile yao. Mavuno yao ya wakati wa mvua huku yangeoza. Mantiki inatuelekeza tupogoe mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, zabibu ziive kiangazi kwa umwagiliaji wa matone, zivunwe Septemba baada ya siku 120 hadi 150, kabla mvua haijarudi. Baridi ya Juni na Julai itachelewesha macho. Wengine huamsha macho kwa sianamidi ya hidrojeni, na hii ni sumu kali: aliyeigusa au kuivuta kisha akanywa pombe, hata bia moja, anaweza kuugua vibaya, kwa hiyo asinywe kabla ya kazi wala siku kadhaa baadaye. Wakati wa mvua tunapogoa kwa ajili ya kujenga matawi tu, na vishada vinavyotoka huondolewa.

Adui wa mvua ni ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, mildiou ya Wafaransa. Unaanza machipukizi yakifika sentimita 10, mvua ikinyesha milimita 10, na joto likiwa juu ya nyuzi 10. Hali hizo tatu kwetu hukamilika kila wiki ya masika. Mchanganyiko wa Bordeaux, salfeti ya shaba na chokaa, hukinga lakini hautibu, kwa hiyo hupuliziwa kabla ya mvua. Uchanganye kwenye plastiki, usitumie chuma, kisha chovya msumari safi: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa imepungua na majani yataungua. Kiangazi huja ubwiri unga, usiohitaji mvua. Huo hutulizwa kwa salfa na kwa kupunguza majani yanayofunika vishada. Na kwa kuwa udongo wa sehemu nyingi za mji wetu tayari una shaba, hasa ule uliopigwa miaka mingi na moshi wa kuyeyushia madini, upimwe kabla ya kupanda. Shaba nyingi hudhuru mizizi, na ikifika kwenye tangi huikwamisha hamira. Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 za shaba kwa hekta ndani ya miaka 7, na sisi tunaanzia juu kuliko wao.

Miche isiletwe ndani ya sanduku la nguo. Filoksera, mdudu wa mizizi aliyeangamiza mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, alisafiri kwenye mimea. Miche iagizwe na cheti cha afya, iwe imebebeshwa kwenye mashina yanayovumilia mdudu huyo, kama 110 Richter au 1103 Paulsen.

Ombi langu kwa kitivo cha agronomia ni dogo. Mistari minne ya miche 25, nafasi ya mita 2.5 kati ya mistari na 1.25 kati ya miche, haijazi mita za mraba 320. Mistari miwili iwe Chenin Blanc, miwili Syrah. Katika kila aina, mstari mmoja upogolewe wiki ya mwisho ya Aprili na wa pili katikati ya Mei. Nguzo zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kusimikwa. Wanafunzi waandike siku macho yalipofunguka, siku ya maua, kisha Brix na pH kila wiki kuanzia zabibu zinapobadilika rangi, na daftari libaki kitivoni ili darasa linalofuata liendelee pale lilipoishia.

Mtaalamu wa kilimo,
Lubumbashi