Wanangu walimu wa kwaya, wafundisheni watu kusoma solfa, zile noti za herufi za do re mi

Wanangu, najua mkifungua hapa mtaniamkia kwanza, basi marahaba, hamjambo. Nimesimama mbele ya kwaya miaka 38, mchana nafundisha Kiswahili shule ya msingi, jioni nipo usharikani na kwaya, na hiyo kazi ya jioni sikuwahi kulipwa mshahara ila ndo kazi niliyoipenda kuliko zote. Mwaka huu nimezungukia kwaya kadhaa za vijana na karibu kila mahali nimekuta kitu kilekile, mwalimu anaimba mstari, wanakwaya wanaufuatisha, simu zimewekwa kwenye benchi zinarekodi, kila mtu akafie na yake nyumbani. Wimbo unaiva kweli, tena haraka. Lakini mwambie mtu wa alto, yaani sauti ya pili ya kina mama, aanzie katikati ya ubeti wa pili, hawezi, lazima arudi mwanzo kabisa, kama mtoto anayetafuta N kwa kuanzia A.

Mi kosa hili nimelifanya, nawaambia ninachokijua. Kwaya yangu ya kwanza niliikaririsha miaka 11, nyimbo zaidi ya 60, zote zipo kichwani kwangu, hakuna hata karatasi. Alafu nikapata uhamisho. Niliporudi likizo mwaka uliofuata nilikuta zimebaki nyimbo tisa, na kwenye hizo tisa besi wote, wale wanaume wa sauti nzito ya chini, wameshahamia sauti ya kwanza, wanaimba melodi kwa chini na wala hawajui kama wamehama. Mama mmoja wa alto akanishika mkono akaniambia, mwalimu, uliondoka na nyimbo zetu. Sikupata la kumjibu, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Kule nilikohamia nikaanza upya. Ubao, chaki, dakika 15 za solfa kila mazoezi kabla hatujagusa wimbo wowote. Wengi walinung'unika kwamba tunachelewa, na ni kweli miezi mitatu ya kwanza hatukuimba kitu cha maana kanisani. Tulikuwa na mzee mmoja wa besi, fundi baiskeli, shule aliishia darasa la nne. Wiki ya saba hivi nikaandika ubaoni mstari wa besi ambao hajawahi kuusikia, akausogelea, akapitisha kidole chenye grisi juu ya zile herufi, nukta mbili anahesabu pigo, kistari anashikilia sauti, akaimba mpaka mwisho peke yake. Akanigeukia akauliza, mwalimu, ndo wenyewe? Ndo wenyewe. Kanisa zima lilikuwa mimi na watu 20 lakini walipiga vigelegele kama harusini.

Solfa wengine wanaidharau siku hizi, wanaiita ya kizamani. Ilianzishwa Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover, kisha John Curwen akaisambaza kuanzia miaka ya 1840 makusudi kwa ajili ya watu wa kawaida wasio na kinanda nyumbani. Uzuri wake do inahama kufuata key, yaani kimo cha sauti mnachoimbia wimbo, ukishajua umbali wa do kwenda so unaujua kwenye key zote. Na angalieni Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na mwongoza kwaya wa Kimethodisti karibu na Johannesburg, mwaka 1897 alitunga wimbo wa watoto wake wa shule, akauandika kwa solfa. Alifariki 1905 akiwa bado kijana. Melodi hiyo ndo tunayosimamia wima tukiimba Mungu Ibariki Afrika. Angekuwa anakaririsha tu tungeipata wapi?

Lingine, nyie mnaotunga, mkazo wa Kiswahili jamani. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, sasa mtu anaweka noti ndefu na pigo zito kwenye "ba" ya baraka wakati uzito upo kwenye "ra". Mnajua wenyewe barabara ya magari na barabara ya sawasawa zinaandikwa sawa, tofauti ni mkazo tu, sasa kwanini mwimbaji alazimishwe kutamka kama mgeni. Soma maneno kwa sauti kwanza, tembea nayo chumbani, ndo utafute melodi.

Na vile vitufe vya kupandisha key kwenye kinanda, acheni. Nimeona akina mama wa sauti ya kwanza wamekaza shingo mishipa imesimama, kwasababu mpiga kinanda anataka wimbo "uchangamke". Koo la mtu halina spea.

Wenye nafasi ya kwenda shule nendeni, chuo kikuu cha Makumira pale Usa River wanafundisha muziki mpaka digrii, Bagamoyo pia kuna chuo cha sanaa. Asiye na ada asikate tamaa, mi nilijifunzia kwenye daftari la mwalimu wangu.

Mazoezi yenu yajayo mkifika chagueni wawili, mmoja wa kike mmoja wa kiume, wawe wanasimama mbele kuongoza wimbo mmoja kila wiki we ukiwa umekaa nyuma kwenye benchi. Utasikia wanakosea, nyamaza, subiri wamalize. Na madaftari yangu ya solfa yote ninayo, yako kwenye sanduku la bati, anayetaka aje na simu yake apige picha kurasa zote, hata siku nzima, chai ipo.