Shokapu zipo sita, lakini zipo wapi?

Wenye maduka ya spea za magari wanaotuita hapa Dar tuwapangie stoo huanza na lalamiko moja: kompyuta inasema shokapu zipo sita, kijana wa kaunta anasema zimekwisha. Kumbe wote wawili hawajasema uongo. Shokapu zipo, ila zimelala chumba cha juu nyuma ya mabampa, na aliyezipeleka huko hakuandika popote. Mteja naye hasubiri. Gari lake liko juu ya jeki na duka la pili liko hatua ishirini.

Ukifungua leja unakuta neno "stoo" tu, wakati mali ya duka hilo hilo imetawanyika kaunta, stoo ya nyuma, chumba cha kukodi ghorofani na ghala la mzigo wa kontena kule Tabata. Idadi bila mahali haimsaidii anayetumwa kuleta.

Tunachofanya sisi ni kuipa kila sehemu anwani, kuanzia kubwa kwenda ndogo. G-03-02-05 maana yake ghala, rafu ya tatu, ngazi ya pili, boksi la tano. Anwani ni ya mahali, haihami na mali. Chumba namba 7 cha gesti kinabaki namba 7 hata mgeni akiondoka, na rafu iwe hivyo hivyo. Ukiibandika "Rafu ya Toyota", siku mzigo wa Nissan ukijaa utaingia humo humo na lebo itaanza kudanganya watu.

Namba zenyewe zina ufundi wake. Andika 03, usiandike 3, kwa sababu kompyuta ikipanga maandishi huweka 10 na 11 kabla ya 2. Herufi O na I ziache kabisa, zinafanana mno na sifuri na moja. Ngazi za rafu zihesabiwe kutoka chini kwenda juu: ukiongeza ubao kule juu, lebo za zamani zinabaki zilivyo. Tumeona watu wakihesabu kutoka juu, halafu wakabandua lebo za ukuta mzima kwa ajili ya ubao mmoja.

Ugawe hadi wapi? Inategemea spea. Bampa halihitaji boksi, unaliona toka mlangoni. Plagi, sili na beringi ndizo zinazotaka mgawanyo hadi kiboksi cha mwisho. Hapa zitazame namba za Toyota. Tarakimu tano za mwanzo hueleza aina ya spea: 04465 ni brekipedi za mbele, 04466 za nyuma; 48510 ni shokapu ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto. Maboksi yanafanana, namba zinatofautiana kwa tarakimu moja, na kijana ana haraka. Wengi huziweka jirani eti ni familia moja. Sisi tunazitenganisha makusudi, kila moja na anwani yake, maana fundi akirudisha shokapu ya upande usio wake umepoteza muda wake na wako.

Ukishagawa, usikubali tena mali iandikwe "Ghala" peke yake. Jumla ya ghala itokane na kujumlisha rafu zake. Mzigo ulioshuka sasa hivi na haujapangwa una anwani yake, Mapokezi. Ulio ndani ya kirikuu kati ya Tabata na dukani unaandikwa Njiani. Bila hivyo, kila upande utasema mwenzake anao. Zilizorudishwa zikiwa na kasoro zinakaa Marejesho, na kaunta haiuzi kitu kutoka huko.

Kuhesabu nako kunabadilika, na kwetu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote. Badala ya kufunga duka siku nzima, unahesabu rafu mbili asubuhi kabla wateja hawajajaa. Hesabu kwa mahali, usitembee na orodha ya spea. Mwenye orodha anatafuta kilichoandikwa tu. Anayehesabu rafu anakutana pia na kisichotakiwa kuwepo pale, na mara nyingi hicho ndicho kilichoandikwa "kimepotea" mwezi uliopita.

Programu ya bei kubwa si lazima. Programu kama Odoo ina sehemu ya maeneo na maeneo madogo ndani yake, lakini kwa duka la kawaida Excel inatosha: safu ya namba ya spea, safu ya anwani, safu ya idadi. Spea iliyoko sehemu mbili iwe na mistari miwili.

Tukija kwako, kazi ya lebo tunaifanya duka likiwa wazi. Tunaomba tu funguo za vyumba vyote, hata kile cha "vitu vya zamani", na kijana mmoja anayezijua spea kwa macho.